Ubia wa Serikali na Sekta Binafsi: Hasara Ikitokea ni ya Nani?

Kila mradi mkubwa wa ubia unapotangazwa Dar es Salaam, uwe wa bandari, barabara ya kulipia au mabasi, mjadala huelekea kwenye maswali mawili: nani kapewa, na kapewa miaka mingapi. Ni maswali halali. Lakini mkataba wa ubia una kurasa mamia, na nyingi kati ya hizo zinajibu swali jingine kabisa: mambo yakienda kombo, nani analipa? Meli zisipokuja, abiria wakiwa wachache kuliko walivyokadiriwa, shilingi ikishuka, mafuriko yakiingia karakana, hasara inaangukia mfuko wa nani? Hapo ndipo mradi unapofia au kupona. Kwa hiyo tutakaa hapo kwa muda mrefu kuliko kwingine.

Kwanza tutenganishe vitu vinavyochanganywa. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, linalipiwa tozo, lakini si ubia wa aina hii. Fedha zake zilitoka NSSF na Serikali, na NSSF ni mfuko wa umma. Reli ya kisasa ya SGR nayo inajengwa kwa fedha na mikopo ya Serikali. Mkandarasi analipwa kujenga, na kazi yake inaishia hapo. Kuuza shirika la umma moja kwa moja pia si ubia, kwa sababu mali imeondoka na haitarudi. Ubia ni pale mtu binafsi anapoingiza mtaji wake au wa kukopa, anaendesha huduma ya umma kwa miaka mingi, analipwa kwa kadiri anavyofanya kazi, anabeba sehemu ya hasara, na mwishoni mali inabaki au inarudi kwa umma. Ndivyo inavyokusudia Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi, Sura ya 103, iliyotungwa mwaka 2010 na kurekebishwa 2014, 2018 na 2023.

Aina za mikataba ni nyingi, ila mkazi yeyote wa jiji hili anaijua mantiki yake kutoka barabarani. Dereva wa daladala anayelipwa mshahara hana wasiwasi abiria wakipungua. Huo ni mkataba wa usimamizi, na hasara yote ni ya mwenye gari. Dereva wa hesabu hupeleka kiasi maalumu kila jioni na kinachozidi ni chake. Hapo hasara ya siku mbaya ni ya dereva, lakini injini ikifa ni ya mwenye gari. Huo ni ukodishaji. Na anayenunua gari kwa mkopo wake, akapewa njia kwa miaka 20, akafanya matengenezo yote mwenyewe, kisha akatakiwa kulikabidhi likiwa zima, huyo ndiye mwekezaji wa mkataba wa kujenga, kuendesha na kurejesha. Kadiri unavyopanda ngazi hiyo, mbia anabeba zaidi na anadai faida kubwa zaidi. Hakuna mbia anayebeba hasara bure.

Pesa inatoka wapi

Ubia hauzalishi fedha. Mwekezaji analeta fedha mapema, lakini atakayemlipa ni mmoja kati ya wawili: mtumiaji, kwa tozo na nauli, au Serikali, kwa bajeti. Mara nyingi ni wote wawili kwa mchanganyiko. Anayesema mradi “hautaigharimu Serikali hata senti” aulizwe kama amesoma viambatisho vya dhamana.

Chukua mfano wa kubuni. Halmashauri moja ya jiji inataka soko la shilingi bilioni 10 lenye vizimba 1,000. Mwekezaji anahitaji mapato ya asilimia 15 kwa mwaka ili kulipa benki na kupata faida, kwa miaka 15. Ukipiga hesabu ya marejesho sawa ya kila mwaka, unapata takriban shilingi bilioni 1.71. Gawanya kwa vizimba 1,000, kila kizimba kinatakiwa kuingiza 142,500 kwa mwezi, kabla ya ulinzi, usafi, umeme na kodi. Vizimba 300 vikikaa tupu, waliobaki watatakiwa kulipa kama 203,600. Mama anayeuza nyanya na dagaa hatalipa kiasi hicho wakati kando ya barabara analipa ushuru mdogo tu, na hapo wateja wanapita mlangoni kwake. Ataondoka, vizimba vitupu vitaongezeka, na aliyebaki ataongezewa kodi.

Njia ya kuuokoa mradi wa namna hiyo ipo, ila inahitaji ukweli tangu mwanzo. Serikali ikichangia bilioni 4 za ujenzi, mzigo wa mwekezaji unashuka hadi bilioni 6, na kizimba kinashuka hadi kama 85,500. Mchango huo ndio unaoitwa ruzuku ya kuziba pengo. Njia nyingine ni kuongeza mapato yasiyotoka kwa mchuuzi: maegesho, maghala ya baridi, maduka ya juu, mabango. Kinachoua miradi mingi ya masoko na stendi ni kukadiria vizimba vitajaa vyote mwezi wa kwanza. Mwandaaji makini huanza na nusu, kisha anapandisha polepole kwa miaka mitatu hadi minne, na kuangalia kama mkopo bado unalipika.

Upande wa Serikali kulipa, umeme ndio uliotufundisha kwa gharama kubwa. Mkataba wa IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, ulisainiwa 1995 kwa mtambo wa megawati 100 pale Tegeta. TANESCO ilitakiwa kulipia uwezo wa mtambo kila mwezi, uwashwe usiwashwe, na juu yake gharama ya mafuta. Malipo ya uwezo si ubaya kwa yenyewe. Bila ahadi ya namna hiyo hakuna benki inayokopesha mtambo wa umeme. Tatizo ni kiasi chake kinapokokotolewa juu ya mtaji usiothibitika. Mgogoro wa hesabu hiyo ulikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na fedha zilizobishaniwa zikawekwa kwenye akaunti maalumu Benki Kuu. Ndiyo akaunti iliyokuja kulitikisa Bunge mwaka 2014. Somo la kifedha lililomo ni jepesi kulisema na gumu kulitekeleza: mtaji halisi uliowekezwa ukaguliwe na mtu huru kabla malipo ya kwanza hayajatoka.

Kuna na suala la sarafu. Mwekezaji akikopa dola na kukusanya shilingi, mtu fulani lazima abebe tofauti. Marejesho ya dola milioni moja yalikuwa kama shilingi bilioni 2.3 mwanzoni mwa 2022, na zaidi ya bilioni 2.6 katikati ya 2024. Mkataba ukisema tozo itapanda na dola, mtumiaji kabeba. Ukisema Serikali itafidia, mlipa kodi kabeba. Ukinyamaza, mwekezaji kabeba, na miaka miwili baadaye atarudi mezani kuomba mkataba ujadiliwe upya. Kwa bandari inayotoza kwa dola, jambo hili ni dogo. Kwa basi, soko au maji linaweza kuvunja mradi peke yake, na ndiyo sababu mikopo ya shilingi kutoka benki za ndani na mifuko ya pensheni ina thamani kuliko riba yake inavyoonyesha.

Maji na mabasi: mzigo uliowekwa pasipo mbebaji

Jiji lina kesi iliyorekodiwa vizuri kuliko nyingi Afrika. Agosti 2003, kampuni ya City Water Services, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mbia wa ndani, ilichukua uendeshaji wa maji Dar es Salaam kwa miaka 10. DAWASA, mamlaka ya maji ya umma, ilibaki na mabomba na mitambo. City Water ikachukua ankara, wateja na matengenezo. Nyuma yake kulikuwa na mradi wa kukarabati mfumo wa takriban dola milioni 140 kutoka Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Mei 2005 Serikali ilitangaza kuuvunja mkataba.

Kosa la kwanza lilionekana kwenye zabuni: kati ya kampuni zilizopita mchujo wa sifa, ni moja tu iliyoleta bei. Zabuni ya mtu mmoja ni taarifa kutoka sokoni kwamba wengine wameona kitu kwenye hesabu. La pili ni makusanyo. Mapato ya mwendeshaji yalitegemea ankara, lakini takwimu za wateja zilikuwa dhaifu, maji mengi yalivuja au kuibwa, na ukarabati mkubwa ulikuwa bado. Kampuni ilibeba hatari ya makusanyo kwenye mfumo ambao haikuujua, ikaweka bei ya chini kushinda, na mtaji iliouahidi haukuingia wote. Baraza la usuluhishi baadaye lilieleza kuwa zabuni iliandaliwa vibaya na uendeshaji ulikuwa hafifu.

La tatu ni namna ya kuachana. Serikali haikusubiri utaratibu wa mkataba ukamilike. Iliingia kwenye ofisi na mitambo Juni 1, 2005 na kuwaondoa nchini mameneja. Kwenye usuluhishi chini ya mkataba wenyewe, DAWASA ilishinda, na City Water ikaamriwa kuilipa zaidi ya pauni milioni 3. Kwenye baraza la ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya uwekezaji, Julai 2008, ilionekana Tanzania imekiuka makubaliano ya kulinda uwekezaji kwa namna ilivyotekeleza, ila haikuamriwa kulipa fidia kwa sababu kampuni wakati huo haikuwa na thamani tena. Mwenye haki kwenye mkataba anaweza kujiweka pabaya kwa kuruka hatua za notisi. Kifungu cha kuvunja mkataba ndicho cha kusomwa kwa utulivu kuliko vyote, na kusomwa kabla ya kusaini.

Mabasi yaendayo haraka ni hadithi nyingine yenye mzizi uleule. Miundombinu ya awamu ya kwanza, kilomita zipatazo 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, ilijengwa kwa mkopo wa umma kupitia Benki ya Dunia. Uendeshaji ulipaswa kuwa wa sekta binafsi chini ya Wakala wa DART. Mpango wa awali ulitenganisha kazi: waendeshaji wa mabasi zaidi ya mmoja ili washindane, mkusanya nauli mwingine, na msimamizi wa mfuko atakayewalipa waendeshaji kwa kilomita walizotembeza. Ni mpango mzuri, kwa sababu anayelipwa kwa kilomita hana sababu ya kusubiri basi lijae.

Huduma ilipoanza Mei 2016, ilianza na mtoa huduma wa mpito mmoja, UDART, na mpito huo ukadumu. Mapato yake yalitegemea nauli, na nauli ya shilingi 650 ilipangwa na mdhibiti, si mwendeshaji. Karakana ilijengwa Jangwani, bonde la Msimbazi, ambako maji hujaa kila masika ya nguvu. Mabasi yaliharibika kwa mafuriko kwenye eneo ambalo mwendeshaji hakulichagua. Kwa hiyo mwendeshaji alibeba hatari tatu asizoweza kuzisimamia: bei, eneo la karakana, na kutojua atakuwepo hadi lini. Mtu asiyejua kama mwaka ujao atakuwa na mkataba hanunui vipuri vya miaka mitano. Foleni za Kimara asubuhi zilianzia hapo, kwenye karatasi, muda mrefu kabla ya basi la kwanza kuharibika.

Kanuni ya wataalamu wa ubia ni kwamba kila hatari ipewe anayeweza kuizuia au kuipunguza kwa gharama ndogo. Ujenzi kuchelewa na kuzidi gharama: mwekezaji. Ardhi, fidia kwa wakazi, kuhamisha mabomba na nguzo za umeme: Serikali, na iwe imekamilika kabla ya ujenzi kuanza, maana kila mwezi wa kusubiri fidia ni dai la mkandarasi. Mabadiliko ya sheria na kodi: Serikali. Idadi ya watumiaji: igawanywe kwa mizani, mapato yakishuka chini ya kiwango fulani Serikali inasaidia, yakipita kiwango cha juu inapata mgawo. Dhamana isiyo na upande wa pili wa mgawo ni zawadi.

Bandari na majirani nyuma yake

Kwa ukanda mzima, bandari ya Dar es Salaam ndiyo ubia wenye uzito kuliko mwingine wowote. Shehena yake inakwenda Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda. Meli ikisubiri nangani, mwenye meli huingiza gharama ya kila siku hiyo kwenye nauli ya kontena, na anayelipa mwishowe ni mnunuzi wa saruji Lubumbashi au wa mbolea Kigoma.

Kitengo cha makontena kilikabidhiwa kwa kampuni binafsi ya TICTS mwaka 2000 kwa miaka 10. Miaka ya kwanza kasi ya kuhudumia makontena ilipanda sana. Mwaka 2005 muda ukaongezwa kwa miaka 15 mingine bila ushindani mpya, wakati ule wa kwanza ukiwa nusu tu. Shehena ikaendelea kukua kuliko uwanja, na kufikia mwishoni mwa muongo huo msongamano ulikuwa mkubwa kiasi cha kuruhusu bandari kavu za watu binafsi mjini kupokea makontena. Anayepewa muda bila kupimwa anapoteza sababu ya kukimbia. Mkataba ulijadiliwa upya baadaye, ukaisha Desemba 2022.

Mpangilio wa sasa umejengwa tofauti. Serikali kwanza ilifanya kazi ambayo mwekezaji angeitoza ghali: kwa mkopo wa Benki ya Dunia iliimarisha gati 1 hadi 7 na kuchimba kina na lango la meli. Kisha ikagawa bandari kwa zaidi ya mwendeshaji mmoja. Kampuni ya DP World ya Dubai ilisaini Oktoba 2023 kwa gati 4 hadi 7, miaka 30, utendaji ukipimwa kila baada ya miaka mitano, na kuahidi zaidi ya dola milioni 250 katika miaka ya mwanzo. Mei 2024 ubia wa kampuni za Adani Ports ya India, AD Ports ya Abu Dhabi na mbia mwingine ulichukua kitengo cha pili cha makontena, chenye gati nne na uwezo wa makontena yapatayo milioni moja ya futi 20 kwa mwaka, nao kwa miaka 30. Waendeshaji wawili kwenye lango moja wanaifanya Mamlaka ya Bandari iweze kulinganisha: makontena mangapi kwa saa kwa winchi moja, meli inakaa gatini saa ngapi, lori linaingia na kutoka baada ya muda gani. Vipimo hivyo vitatu vingebandikwa hadharani kila mwezi, mjadala wa bandari ungekuwa na afya zaidi.

Lakini gati lenye kasi halimalizi safari. Kontena likitoka haraka likakuta foleni Tunduma, saa zilizookolewa Kurasini zimepotea mpakani. Ndiyo maana bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, ambako nchi jirani zimetengewa maeneo, inahusika na bandari hii moja kwa moja, na TAZARA pia. Reli hiyo ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi imewekwa chini ya mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina CCECC, uliosainiwa 2025, ukiwa na uwekezaji wa dola bilioni 1.4. Hatari yake kubwa ni shehena: shaba ya Zambia na Kongo ina njia nyingine za Durban, Beira, Walvis Bay na Lobito, na reli ya Lobito nayo iko chini ya mwekezaji wa miaka 30. Reli haishindi kwa kuwa mpya. Inashinda kwa treni kuondoka siku iliyotangazwa.

Hatua, na mahali miradi inapokwama

Wazo linaanza kwenye andiko dhana la taasisi: wizara, wakala au halmashauri. Hufuata upembuzi wa awali, kisha upembuzi yakinifu wenye sehemu za kiufundi, kifedha, kisheria, mazingira na makadirio ya watumiaji. Kituo cha Ubia kilicho chini ya Wizara ya Fedha hupitia, na Wizara huangalia ahadi ambazo si deni leo lakini zinaweza kuwa deni kesho. Zabuni inatangazwa, majadiliano yanafanyika, Mwanasheria Mkuu anapitia, mkataba unasainiwa. Mwekezaji naye anaweza kubuni mradi mwenyewe na kuuleta. Upembuzi unakuwa kwa gharama yake, na Serikali isiukubali kwa haraka ya kuokoa fedha za utafiti, kwa sababu makadirio yaliyoandikwa na anayetaka kupewa yana upande.

Picha za kusaini hupigwa hapo, lakini pesa bado. Kufunga fedha na benki huchukua miezi mingi zaidi, na benki huuliza ambayo wengine waliyaacha: hati ya ardhi iko wapi, nani anapandisha tozo, Serikali ikivunja mkataba mkopo unalipwa na nani. Mradi ambao upembuzi wake ulifanywa kwa haraka hufia hapa kimyakimya, miaka miwili baada ya hafla.

Kwa halmashauri, ubia uliozoeleka zaidi hauna hafla kabisa: wakandarasi wa taka. Kampuni au kikundi kinapewa mtaa, kinakusanya ada kaya kwa kaya na kupeleka taka dampo la Pugu Kinyamwezi. Hatari ya makusanyo yote ni ya mkandarasi, na umbali wa dampo unakula dizeli. Kaya zisipolipa, kinachopunguzwa kwanza ni safari za lori. Taka zikilala, kaya zinakataa zaidi kulipa. Halmashauri ikikusanya ada yenyewe na kumlipa mkandarasi kwa tani iliyopimwa kwenye mizani ya dampo, kila mmoja anabeba anachokiweza. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari ni hiyo mizani.

Jambo la mwisho linalosahaulika ni makabidhiano. Miaka ya mwisho ya mkataba mwekezaji hana sababu ya kununua mtambo ambao hatapata muda wa kurudisha gharama yake, na Serikali inaweza kupokea winchi zilizochoka. Mkataba mzuri unaweka ukaguzi wa mali miaka mitano kabla ya kuisha, na mkaguzi asiyelipwa na upande mmoja. Kasoro zinaorodheshwa na bei zake, na sehemu ya mapato ya kila mwezi inazuiwa kwenye akaunti maalumu hadi zirekebishwe. Kifungu hicho hakiwezi kuongezwa mwaka wa 28. Kinaandikwa mwaka wa kwanza, wakati mwekezaji bado anautaka mradi.